Kapeti ya gari lako ni sehemu ya hospitali

SEHEMU YA 1: NESI NA KAPETI WAPI NA WAPI?

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya presha kwa wajawazito. Leo naingia ndani ya gari. Najua kuna watakaosema "nesi kaishiwa mada", lakini nivumilieni mpaka sehemu ya sita, halafu mnibishie.

Tuanze na ukweli ambao wote tunaujua. Huku kwetu gari la kwanza la wagonjwa siyo lile lenye king'ora. Ni Noah ya jirani. Ni Probox ya mzee anayepeleka samaki Nangurukuru. Ni bajaji ya kijana wa Masoko, ni IST ya mwalimu, ni Hiace iliyokuwa inatafuta abiria wa Lindi ikakutana na watu wamembeba mgonjwa kwenye kitanda cha kamba. Mtu akiumwa usiku Kipatimu au Pande au Mandawa, swali la kwanza pale nyumbani ni "nani ana gari?" Mambo ya dawa yanakuja baadaye.

Na hata serikali imelikubali hilo. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022, na haukutegemea magari ya wagonjwa peke yake. Gari la hospitali likiwa mbali au liko safarini, kituo kinampigia dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari la kawaida aliyekubali kusajiliwa, anamchukua mama, analipwa na mfumo. Yaani dereva wa teksi kaingizwa kwenye mlolongo wa matibabu kama mimi nilivyo.

Sasa kama gari lake limekuwa sehemu ya hospitali, sakafu yake nayo ni sakafu ya hospitali. Wodini hatuweki zulia la manyoya. Siyo kwamba hatupendi vizuri. Zulia linanyonya, na kikishanyonya hukitoi. Ndani ya gari lenyewe la wagonjwa angalia chini: ni plastiki ngumu au mpira, unamwaga maji, unafuta, unaondoka. Lakini gari linalofanya kazi hiyohiyo mtaani lina kapeti za manyoya zilizokuja nalo kutoka Japani, au zile za ngozi za kushonwa zinazoitwa 5D, juu zinang'aa, chini sponji.

Msimamo wangu ni huu, nausema mapema msije mkasema nesi anazunguka. Kila gari linalobeba watu kwenye pwani hii liwe na kapeti za mpira zenye ukingo, zinazotoka zote kwa mkono, zinazovumilia sabuni na jiki. Na gharama ya kuosha gari isimwangukie mama aliyetoka kujifungua wala familia iliyotoka kufiwa.

SEHEMU YA 2: ILE DAKIKA DEREVA ANAPOANGALIA CHINI

Sisi tuliosoma uuguzi tunafundishwa kwamba mama anacheleweshwa mara tatu. Kwanza nyumbani, wanapojadili aende au asiende. Pili njiani, kupata usafiri na kufika. Tatu kituoni kwetu, kupata huduma. Vifo vingi vya uzazi ukivifuatilia nyuma unakuta mojawapo ya hizo tatu, au zote kwa pamoja.

Ndani ya ule uchelewaji wa pili kuna kadakika kamoja ambako hakaandikwi kwenye fomu yoyote. Ni pale dereva anapofungua mlango, anamwona mama chupa imeshapasuka au damu inatoka, halafu macho yake yanashuka chini kwenye kapeti.

Siwasemi vibaya madereva. Gari ndiyo shamba lake. Akimbeba huyu, harufu ikabaki, abiria wa kesho atashuka. Kapeti ya manyoya ikishalowa damu haioshwi ikaisha, na akinunua nyingine ni hela ya shule ya mtoto. Kwa hiyo anafanya hesabu palepale, na hesabu yenyewe siyo ya kijinga. Wengine wanapandisha bei. Wengine wanasema "gari yangu bovu". Wengine, na hili ndilo linaloniuma, wanatoa salfeti nyuma ya buti wanamwambia mama akae juu yake.

Nilishampokea mama mmoja namna hiyo, kituo sikitaji. Alishuka na lile salfeti limemganda kwenye kanga, limeandikwa jina la mbolea. Alikuwa mzima, mtoto mzima, alhamdulillah. Lakini kitu cha kwanza alichoniambia hakikuwa "naumwa". Alisema, "Dada nesi, nimemchafulia gari?" Mtu yuko kwenye uchungu, anawaza kapeti.

Damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama ndani ya saa 2. Saa mbili tu. Ukitoka Kiranjeranje au Njinjo kuitafuta hospitali ya wilaya pale Kivinje, au ukipewa rufaa kwenda Sokoine pale Lindi mjini, hizo saa mbili ndiyo safari yenyewe. Hamna nafasi ya kubishana mlangoni.

Kapeti nzuri haimponyi mtu. Lakini inaifuta ile dakika. Dereva anayejua kwamba chini kuna mpira wenye ukingo, kwamba akifika ataunyanyua, ataumwaga, ataupiga sabuni na jiki na kesho asubuhi anabeba abiria, huyo hafikirii mara mbili. Anasema, "Mama, ingia." Hapo ndipo ninaponunua kapeti, nyie mnaponunua mapambo.

Na siyo wajawazito tu. Kuna mtoto anayetapika. Kuna aliyegongwa na boda. Kuna mzee asiyeweza kujizuia haja. Kuna wagonjwa wa kuharisha msimu wa mvua. Na tuseme wazi, kuna marehemu. Watu wetu wanafia Lindi wanarudishwa kuzikwa Kilwa, na gari linalowarudisha ni Noah hiyohiyo itakayopeleka watoto madrasa Jumatatu.

SEHEMU YA 3: CHAGUA HIVI

Tuje kwenye kununua. Nitaongea na mwenye gari kama ninavyoongea na mwenye mgonjwa, taratibu.

Kapeti za manyoya. Zinapendeza, hazitelezi sana, zinazuia kelele. Lakini zinanyonya. Huku kwetu hata bila mgonjwa zinapata shida: mchanga wa ufukweni, maji ya chumvi, ndoo ya pweza iliyomwagika kwenye kona ya Nangurukuru. Ile harufu mnaijua. Kapeti ya manyoya ikishalowa maji ya samaki unaiuza pamoja na gari.

Kapeti za kushonwa za 5D. Najua nitawaudhi vijana. Zinafunika sakafu yote, zinapendeza kweli. Lakini ziangalie vizuri: mshono ni tundu. Damu au maji yanapita kwenye uzi yanaingia kwenye sponji, juu pakavu, chini panaoza. Jiki nayo inaipasua ile ngozi ya bandia na kuibadilisha rangi. Kwa gari la harusi, sawa. Kwa gari linalobeba wagonjwa, hapana.

Vipande vya kapeti ya plastiki, ile ya kutandika sebuleni yenye maua, inayouzwa kwa mita. Wenye Hiace wengi na bajaji wanaitumia. Ni rahisi, inafutika. Ubaya wake ni miwili: haina ukingo, kwa hiyo kimiminika kinakimbilia pembeni na kuingia chini yake. Na ikilowa inateleza kama sahani. Mama mwenye tumbo la miezi tisa, miguu peku, anashuka juu ya plastiki iliyolowa... mnaelewa ninachosema. Kama hela ndiyo hiyo, weka, lakini uikunje pembeni ipande juu, na kwenye mlango anapokanyaga mtu weka kipande cha mpira wenye matuta.

Kapeti za mpira zenye ukingo, kama trei. Hizi ndizo. Unapochagua, angalia mambo haya:

Moja, ukingo. Weka kidole: ukingo upande juu angalau upana wa vidole viwili. Trei hiyo inabeba maji mengi kabla hayajamwagika kwenye sakafu ya gari. Kapeti ya mpira bapa ni nusu ya kazi.

Mbili, mifereji. Iwe na matuta au mifereji upande wa juu. Kimiminika kinakaa kwenye mfereji, mguu unakaa juu ya tuta, mtu hatelezi. Lakini mifereji isiwe myembamba na yenye kona nyingi kama kazi ya mchonga milango, maana brashi haifiki. Mfereji mpana, kona za mviringo.

Tatu, kipande kimoja kwa nyuma. Kwenye siti ya nyuma, ambako ndiko mgonjwa anakolala, tafuta inayopita juu ya lile tuta la katikati bila kukatika. Vipande viwili vinaacha mwanya, na mwanya uko palepale katikati panapomwagikia kila kitu.

Nne, harufu. Inuse dukani. Mpira wa hali ya chini unanuka mafuta ya taa, na gari likipigwa jua la saa saba pale stendi ya Masoko, mgonjwa mwenye kichefuchefu anatapika kabla hamjatoka. Ukishanunua, iache kivulini nje ya gari siku kadhaa ipungue.

Tano, ikunje. Mpira mzuri unakunjika unarudi. Ule unaobaki na alama nyeupe ya mkunjo utapasuka, na ufa ni nyumba ya vijidudu.

Sita, iwe ya gari lako. Hili nimelipa sehemu nzima, linafuata.

Halafu kumbuka, chini ya kapeti unayonunua kuna kapeti nyingine iliyogandishwa kwenye bodi na kiwanda. Hiyo hatuitoi kirahisi, na ndiyo tunayoilinda. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotupiga na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika huku Kilwa, magari mengi yaliingiliwa maji. Waliofuta juu wakaacha ile ya chini imelowa, baada ya wiki walikuwa na ukungu mweusi na harufu ya shimo. Maji ya mafuriko siyo maji ya mvua tu, yamepita vyooni kwa watu. Gari likiingiliwa, fundi afungue siti, ile ya chini inyanyuliwe, ioshwe, ikauke kabisa. Ukiiacha, unavuta ukungu kila siku na bodi inaoza chinichini. Chumvi ya pwani imeshaanza kazi hiyo, usiisaidie.

SEHEMU YA 4: KAPETI INAYOUA BILA KUWA NA DAMU

Hapa naomba madereva wote wasome, hata wasiobeba wagonjwa.

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego kule California, watu wanne wa familia moja walikufa kwenye Lexus. Gari lilikuwa la kuazimwa na wauza magari, lao likiwa kwenye matengenezo. Mmoja wao alikuwa askari wa barabara kuu, mtu anayejua kuendesha. Gari lilikataa kupunguza mwendo. Wachunguzi walipoangalia wakakuta kapeti ya mpira, ile ya msimu wote, siyo ya gari lile. Ilikuwa ya Lexus ya aina nyingine, kubwa zaidi. Pedeli ya mafuta ilinasa kwenye kapeti.

Mwezi uliofuata Toyota, ambao ndio wenye Lexus, walitangaza kuyaita magari kama milioni 3.8 kule Marekani kwa sababu ya kapeti na pedeli. Mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa kutosema ukweli wote kwa wateja kuhusu matatizo yale. Yote hayo, na mwanzo wake ni kitu kinachouzwa na vijana kwenye foleni.

Sasa nitazame barabara yetu. Asilimia sitaji, lakini simama Nangurukuru nusu saa uhesabu Toyota. Halafu chungulia miguuni kwa dereva. Utakuta kapeti ya Noah kwenye IST, imekatwa kwa kisu. Utakuta kapeti ya mpira juu ya kapeti ya manyoya, juu yake gazeti, juu yake tope. Utakuta chupa ya maji inaviringika. Yule anakimbiza mgonjwa.

Kwa hiyo, upande wa dereva sheria ni nne tu:

Kapeti moja, siyo mbili. Mpya ikija, ya zamani itoke.

Ishikiwe. Magari mengi yana ndoano au kishikizo sakafuni upande wa dereva. Kama matundu ya kapeti hayakutani na ndoano, hiyo siyo ya gari lako. Ndoano ikivunjika fundi aiweke nyingine, siyo waya wa kufungia matofali.

Ijaribu gari likiwa limezimwa. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, achia. Kanyaga breki mpaka mwisho, achia. Kama kuna klachi, vivyo hivyo. Sasa isukume kapeti mbele kwa kisigino, kwa nguvu, kama unavyoisukuma ukiwa na haraka. Kanyaga tena. Pedeli ikigusa ukingo hata kidogo, kata ukingo wa mbele au badilisha. Ukingo ninaousifia kwenye siti ya nyuma, kwa dereva usifike kwenye pedeli.

Na usiipake mafuta ya kung'arisha matairi. Waosha magari wetu wanapenda kumaliza kazi kwa kung'arisha kila kitu cheusi. Kapeti inang'aa, na mguu unateleza kutoka kwenye breki. Waambieni kabla hawajaanza: kapeti zangu ziache zifubae.

SEHEMU YA 5: OSHA HIVI (HIFADHI HII)

Hii ndiyo sehemu yangu ya kazi, kwa hiyo nitakuwa mkali kidogo.

Nilichokiona mara nyingi: dereva ameshusha mgonjwa, anaenda moja kwa moja kwenye kuoshea magari. Pale kuna kijana wa miaka 16 au 17, peku, mikono mitupu, anapewa damu ya mtu asiyemjua aisugue. Halafu yale maji yanakwenda mtaroni ambako kuku na watoto wanapita. Dereva hana ubaya, kijana hana elimu, na sisi tulio kituoni tumeshafunga geti.

Kijana yule anahitaji kujua kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado vikaambukiza. Damu iliyokauka siyo damu iliyokufa. Na kuna makubwa zaidi: Machi 2023 Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg kule Kagera, mhudumu wa afya akiwemo kwenye waliofariki, na Januari 2025 ukatangazwa tena mkoa huohuo. Kagera ni mbali na Kilwa, ndiyo. Lakini dereva anayempokea mtu barabarani hasomi kipimo chake usoni. Kwa hiyo kila damu na kila matapishi tunayachukulia kwamba yana kitu. Sisi wodini ndivyo tunavyofanya, na hatumdharau mgonjwa.

Hatua ni hizi.

1. Fungua milango yote, gari lipate hewa. Vaa glavu. Za mpira za kuoshea vyombo ni bora kuliko zile nyembamba zetu, hazichaniki. Huna? Mifuko miwili ya plastiki kila mkono. Vaa viatu vya kufunika.

2. Usichukue mpira wa maji ukapiga presha. Unarusha matone usoni kwako na kwenye siti. Tandika matambara chakavu au karatasi juu ya uchafu, yanyonye, yatie kwenye mfuko, funga. Mfuko huo urudishe kituoni ukachomwe, usiutupe jalalani.

3. Nyanyua kapeti taratibu kwa pande zote mbili kama sinia la pilau lenye mchuzi, toa nje. Hapa ndipo mtakumbuka kwa nini nilisema ukingo.

4. Sabuni kwanza, jiki baadaye. Hili watu wanaligeuza. Jiki ikikutana na uchafu mwingi inaishia kupigana na uchafu, vijidudu vinabaki. Sugua kwa maji ya sabuni na brashi, mfereji kwa mfereji, suuza.

5. Sasa jiki. Soma chupa. Kama imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 6 vya maji, kikombe kilekile. Kama ni asilimia 5, kikombe 1 kwa 9. Hapo unapata asilimia 0.5, ndiyo tunayotumia kwa damu hospitali. Mwagia kapeti yote ilowe, acha DAKIKA 10. Siyo "kidogo". Weka simu ihesabu. Ikikauka kabla, ongeza.

6. Suuza kwa maji mengi. Jiki ikiachwa inakula mpira, na ikirudi kwenye gari inakula chuma na inachubua miguu ya mtu.

7. Anika kivulini penye upepo, imesimama, siyo imelala juani. Rudisha ikiwa imekauka pande zote. Chini ikiwa na maji umetengeneza ukungu.

8. Kwenye bodi la gari lenyewe, palipoguswa na uchafu, usimwage jiki. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, kisha kitambaa kilicholoweshwa jiki ileile ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, kisha futa mara mbili kwa maji safi, kausha. Kama kuna mkanda wa siti ulioshika damu, usiutie jiki kabisa, unadhoofisha nyuzi. Sabuni na maji, uoshe hasa.

9. Maji yote ya kuoshea yaende chooni, kwenye shimo. Siyo mtaroni, siyo karibu na kisima. Huku kwetu ardhi ni mawe ya chokaa yenye nyufa, na visima vingi vya nyumbani havina kina. Unachomwaga juu unaweza kukinywa.

10. Vua glavu, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko.

Makatazo mawili ya mwisho. USICHANGANYE jiki na ile dawa kali ya kusafishia choo wala na siki wala ndimu, inatoa hewa inayochoma mapafu, na ndani ya gari lililofungwa ni balaa. Na jiki uliyochanganya leo mwaga kesho, nguvu imeshaisha.

Kwa uchafu wa kawaida, mchanga na tope la njia ya Liwale na maji ya samaki, hamna haja ya jiki. Kung'uta, sabuni, brashi, suuza, kausha. Mara moja kwa wiki, na kila ukitoka ufukweni. Chumvi usiiache ilale.

SEHEMU YA 6: NANI ALIPE?

Sasa nimeeleza kapeti, nimeeleza jiki. Limebaki la uchungu: hela.

Desturi iliyopo ni kwamba ndugu wa mgonjwa wanadaiwa "hela ya kuoshea". Nimeiona ikidaiwa nje ya wodi, mama bado kwenye mashine ya oksijeni. Nimeiona ikidaiwa kwa baba aliyekuwa amebeba maiti ya mtoto wake kwenye kanga. Dereva hakuwa katili, alikuwa na haraka na hakuwa na pengine pa kudai. Lakini matokeo yake yanafika mbali kuliko ile hela. Familia ikishaona hivyo, safari ijayo wanasubiri. "Tungoje asubuhi, labda atapata nafuu." Tumerudi kwenye uchelewaji wa kwanza.

Maoni yangu, na nayasema kwa heshima kwa wakubwa wangu wa kazi:

Kituo kilichompokea mgonjwa kimsafishie dereva njia ya kutokea. Simaanishi tuoshe magari. Namaanisha pale nje pawe na bomba, ndoo mbili, brashi, glavu, na jiki iliyochanganywa, na mtu wa usafi anayejua kumwelekeza. Jiki tunayo, tunaichanganya kila asubuhi kwa ajili ya wodi. Ndoo moja zaidi haitafilisi zahanati. Dereva anaosha kapeti yake palepale, maji yanakwenda kwenye shimo letu, kijana wa kuoshea magari haguswi, na ndugu hawadaiwi kitu.

Wataniambia: bajeti. Nawajibu: tunalipia dripu, tunalipia damu, tunalipia gari la rufaa. Gari lililotuletea mgonjwa akiwa hai ndilo lililofanya hivyo vyote viwe na kazi.

Wataniambia: madereva watazoea, watakuja kuosha magari yao ya samaki. Labda mmoja wawili. Mlinzi wa geti anamjua aliyeshusha mgonjwa na anayemjua aliyeshusha changu.

Vyama vya bajaji na teksi nao wana sehemu yao. Mnachangiana kwenye misiba na harusi, vizuri sana. Changianeni kapeti za mpira. Mkinunua nyingi pamoja Dar, dukani watawapunguzia. Anzeni na waliosajiliwa m-mama. Na wekeni sheria yenu wenyewe: mgonjwa hadaiwi hela ya kuoshea. Sheria ya chama ina nguvu kuliko ushauri wa nesi, nalijua hilo.

Na wewe mwenye gari lako binafsi, unayesema "mimi sibebi wagonjwa". Ndugu yangu, hujabeba bado. Siku utakayobeba hutaulizwa. Mlango utagongwa saa nane usiku, na atakuwa mke wako, au mama yako, au mtoto wa jirani ambaye jana alikuamkia. Mfungulie mlango bila kuangalia chini.

Wiki ijayo nitaongelea namna ya kumlaza mjamzito kwenye siti ya nyuma, kwa nini ubavu wa kushoto, na mambo gani dereva asimfanyie njiani. Mwenye mume dereva, mwenye kaka dereva, amsomee hii, hasa sehemu ya nne na ya tano.

Namba ni 115, ni bure, inapatikana usiku na mchana. Iandikeni ukutani kwa mkaa kama hamna kalamu.

Kazi njema, na safari njema.